Hofu Iliyochujwa

Mluzi ule ulikuwa wa Gwakisa, na Gwakisa alikuwa mume wa mtu.

Subilaga alisimama katikati ya njia ya kupandia visimani, mfuko wa spana begani, ukungu umemlowesha kilemba, akatega sikio. Sauti inashuka, inashuka tena, inapanda kidogo, halafu inakatika kama mtu aliyesahau kilichobaki. Katika kituo kizima cha mvuke wa ardhini cha Ilundikilo hakuna binadamu aliyewahi kupiga mluzi wa namna ile isipokuwa mmoja, na huyo walimzika zamani, kabla barabara ya lami haijapanda mlima. Subilaga mwenyewe, katika ujane wake wote, hakuwahi kuupiga kwa mdomo. Aliupiga moyoni tu, kila alipoegemeza kiganja kwenye bomba kusikiliza mvuke unavyopita. Alidhani moyoni ni mahali pa kuaminika pa kuwekea kitu.

Akapinda kona ya mianzi. Aliyekuwa akipiga mluzi ni Ikupa, msichana aliyeajiriwa juzijuzi tu. Alikuwa amechuchumaa kwenye kisima cha chini, kiganja cha kushoto kimelala juu ya chuma, shingo ameipinda upande. Cha kushoto! Mikono yake yote miwili mizima kama ya bibi harusi, lakini anasikiliza kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia wa Subilaga uliungua zamani ukabaki ngozi isiyohisi kitu. Hata kilema chake walikuwa wamempa mwenzake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mluzi huo umeutoa wapi?"

"Mluzi gani?" Ikupa akafikiri, akacheka. "Aa, huo! Hata sijui kama napiga. Nikishika bomba tu, unanitoka. Kwani mbaya?"

"Sijasema mbaya."

"Sasa mbona umenitolea macho kama nimekuibia kuku?"

Kuku ningekusamehe, Subilaga akasema, lakini ndani kwa ndani.

Juu ya geti la kituo, Shirika lilikuwa limeandika kwa herufi kubwa kuliko milango ya nyumba za wafanyakazi: KUJIFUNZA HAKUNA KUSTAAFU. Na kweli hakukuwa. Mlinzi alisoma, mpishi alisoma, mzee wa stoo ambaye macho yalishamtupa alisomewa. Kila masika yakiisha yalikuja Mavuno. Unaketi kwenye kiti, unavishwa kofia ya nyuzi laini kama utando wa buibui, unaambiwa ufanye kazi yako kichwani, mwanzo mpaka mwisho, na kofia inachota. Kilichochotwa kinaingia Hazina. Kutoka Hazina anamiminiwa yeyote ambaye Shirika linamtaka, na halihitaji hata siku nzima: anaketi baada ya chai ya asubuhi, anainuka kwenda kula chakula cha mchana akiwa fundi.

Nawe hupungukiwi. Hilo ndilo lililomkera Subilaga kuliko yote. Angeibiwa, angepiga yowe, watu wangetoka na marungu. Lakini kila alichokuwa nacho kabla ya Mavuno alikuwa nacho bado. Alisikia visima vile vile, alijua kipi kimeanza kuziba kwa magadi na kipi kinadanganya. "Sasa umepungukiwa na nini, mama?" walimuuliza ofisini kwa upole wao ule wa kumsemesha mgonjwa. Alikuwa mmoja. Sasa hakuwa mmoja. Hilo linaitwaje?

Na kama haikutosha, huyu Ikupa aliyemiminiwa ujuzi wake ndiye waliyemteua Mkuu wa Visima wa kituo kipya ng'ambo ya kilima. Kijana, anapendeza kwenye picha, anaongea na wageni. Cheo hicho Subilaga alikisubiri mpaka mvi zikamkuta anasubiri.

"Kesho kutwa ndiyo nafungua kisima cha juu," Ikupa alisema akijifuta mikono. "Wageni wanakuja kutazama. Twende ukanione nikijaribu, mama. Nina wasiwasi kidogo na koki yake, imekaa miaka haijaguswa."

Wakapanda. Subilaga hakujua kwa nini alikubali. Pengine mtu mwenye kijicho hupenda kukikuna. Kisima cha juu kilikuwa kimefungwa tangu siku ile ya Gwakisa. Nyasi zimekizunguka, bomba lake limeshika kutu, na pale linapopinda kuelekea chini pamevimba kama kiwiko cha mzee. Ikupa alikwenda moja kwa moja kwenye kiwiko hicho, akasimama kifua kwa kifua nacho, akaweka kiganja.

Mwili wa Subilaga ulirudi nyuma wenyewe, hatua kwa hatua, mpaka mgongo ukagota mwanzi.

Ndipo akaelewa. Msichana alikuwa na mkono wake, shingo yake, mluzi wa mume wake. Hakuwa na ule mwili unaorudi nyuma.

"Usisimame hapo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema."

Ikupa akageuka. Usoni hakuwa na hasira. Alikuwa na huruma, na huruma ile ilimchoma Subilaga kuliko tusi. "Mama, hapa ndipo panaposikika vizuri kuliko mahali pote. Mkono wenyewe unaniambia hivyo. Na mkono huu umetoka kwako, au siyo?" Akaondoa kiganja kwenye chuma. "Watu wananiambia hunipendi. Mimi nawakatalia."

"Usiwakatalie," Subilaga alisema, akashuka.

*

Chumba cha Mavuno kilinukia sabuni na waya wa moto. Fundi wake, Ambilikile, alikuwa anakula kiazi cha kuchemsha juu ya kioo cha mashine, jambo lililokatazwa. Alipomwona Subilaga alikificha kiazi mfukoni, kisha akakumbuka kwamba ni Subilaga tu, akakitoa.

"Kile ulichonichota," Subilaga alisema bila salamu, "ulikichota chote?"

"Chote kinachofaa."

"Na kisichofaa?"

"Kipo kichujio, mama. Hofu, hasira, msiba, takataka zote zinabaki upande huu." Akamenya kiazi. "Mwanzoni hatukuwa nacho. Jamaa mmoja wa karakana tulimmiminia uchomeleaji wa mwenzake, akaamka kutoka kwenye kiti anampa talaka mke asiye wake. Ilikuwa kesi! Tangu hapo Shirika likasema ujuzi uwe safi. Isitoshe, mtu mwenye hofu anachelewesha kazi. Hayo maneno ya juu, siyo yangu."

"Hofu ya kisima cha juu ilikuwemo?"

Ambilikile akaacha kutafuna. "Ilikuwemo. Niliiona ikipita kwenye kioo, nene kama kigogo. Kichujio kikaizuia."

"Iko wapi?"

"Kwako, mama. Itakuwa wapi tena?"

Mlango ukafunguliwa, akaingia meneja Mwaisumo na tabasamu lake la siku za wageni. Subilaga alimkumbuka tangu alipokuwa karani kijana mwenye viatu visivyojua tope. Ndiye aliyeandika taarifa ya kifo cha Gwakisa, akaweka humo "uzembe wa marehemu", maneno ambayo Subilaga aliyasoma akiwa na bandeji mkononi, mkono ule ule alioutia kwenye maji ya moto kumvuta mumewe. Mwaisumo alikwisha kuyasahau. Watu wa aina yake husahau upesi, ndiyo maana hulala vizuri.

"Nasikia umemkataza binti kusimama kwenye bomba," Mwaisumo alisema. "Umemtisha."

"Sijamtisha. Ndiyo kosa langu. Kisima kile, kabla hakijatapika, kinanyamaza. Bomba linaacha kutetemeka, unadhani kimetulia, unasogea usikie vizuri. Halafu maji yanayochemka yanapanda kama jiwe na kupiga kiwiko. Aliyesimama pale haondoki."

"Mbona vipimo havionyeshi?"

"Vipimo havikuwepo siku ile. Mimi nilikuwepo."

Mwaisumo akatazama saa yake. Hakuwa mtu mbaya wa kukufukuza. Alikuwa wa ile namna mbaya zaidi, anayekusikiliza mpaka mwisho na kukurudishia utaratibu. "Sawa. Kama ni elimu, iingie Hazina. Ambilikile azime kichujio, uketi, tuichote, kesho Ikupa amiminiwe. Maneno ya pembeni hayatambuliki, unajua. Shirika linajifunza kwa njia moja. Vinginevyo kila mwenye kinyongo atamkataza mwenzake kazi, aseme ni ujuzi."

Subilaga akamgeukia Ambilikile. "Ukizima kichujio, anapata nini?"

"Hofu haiji peke yake, mama," fundi alisema taratibu, kiazi kimemganda mkononi. "Siwezi kuivuta ikatoka tupu. Inakuja na siku yake. Nani alikuwepo, alivaa nini, alisema nini mara ya mwisho. Atakayemiminiwa atakumbuka kana kwamba alikuwa pale."

"Atamwona Gwakisa."

"Kama ulivyomwona wewe."

"Na atampenda?"

Ambilikile alimtazama meneja kama anayeomba ruhusa ya kukaa kimya, asiipate. "Mimi ni fundi tu. Lakini sioni hofu ya namna hiyo ingesimamaje bila hicho."

Nje, mtu wa bustani alikuwa akikwangua tope kwenye ngazi.

Subilaga aliwaona. Aliwaona wote mmoja mmoja, wasichana wa kituo kile na wa vituo vijavyo, wale wenye kucha za rangi na wale wenye kucheka ovyo, kila mmoja anaamka asubuhi na Gwakisa ndani yake. Anajua alivyotafuna mkia wa sharubu akifikiri. Anajua jinsi shati lake lilivyonukia moshi wa mianzi. Anamwita kwa jina lile la ndani ambalo hata mama mkwe hakulijua. Yeye na Gwakisa hawakufundishwa na mtu. Walijifunza visima vile bega kwa bega, wakikosea pamoja, wakibishana mpaka njaa inawakumbusha nyumbani. Ile ndiyo iliyokuwa shule yake na ndiyo iliyokuwa ndoa yake, na hakuna fundi duniani ambaye angezitenganisha.

"Hapana," alisema.

"Basi hamna la ziada," Mwaisumo alisema kwa upole. "Kapumzike, mama. Wivu ukiuendekeza, unamla mwenyewe."

*

Siku ya wageni jua lilitoka, jambo la nadra, likaung'arisha mlima mzima. Wageni walipewa kofia nyeupe ngumu na juisi ya mapera. Wafanyakazi waliwekwa nyuma ya kamba, Subilaga akiwa wa mwisho, karibu na bomba, kwa sababu hakuna aliyetaka kusimama jirani naye. Walikuwa wameanza kumwona kama mkosi.

Asubuhi ile alikuwa amekwenda chumbani kwa Ikupa amwambie tena. Alifika mpaka mlangoni. Ndani, msichana alikuwa anasuka nywele mbele ya kioo huku akipiga mluzi, sauti inashuka, inashuka tena, na ulimi wa Subilaga ukawa kipande cha ubao. Akageuka, akarudi zake. Mtu aweza kubeba neno la kuokoa roho ya mwenzake na likamshinda kutua.

Sasa Ikupa alikuwa ameshika gurudumu la koki, ovaroli mpya ya buluu imemkaa kama imeshonwa juu ya mwili. Koki ililia, ikagoma, ikakubali. Mvuke ukatoka kwenye bomba la pembeni kwa ngurumo iliyowafanya wageni washike kofia zao na kucheka. Wakapiga makofi. Mwaisumo alipiga kuliko wote. Ikupa akaacha gurudumu, akaenda kwenye kiwiko, akaweka kiganja cha kushoto, akafumba macho.

Subilaga hakuwa na haja ya kugusa kitu. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya nyayo zake, na yeye alikuwa anatetemeka nayo.

Halafu ardhi ikatulia.

Ngurumo ilipungua ikawa kama mtu anayevuta pumzi puani. Wageni walidhani ndiyo ustadi wenyewe, wakaendelea kupiga makofi. Ikupa akatabasamu macho yakiwa yamefumbwa, akasogeza shavu karibu na chuma.

Acha, kitu kilisema ndani ya Subilaga. Wala hakikuwa kitu. Alikuwa yeye mwenyewe, kwa sauti yake ya kila siku. Acha. Walisema ujuzi ni safi. Acha wauone usafi wake.

Pumzi moja ikapita. Hiyo pumzi aliyochelewa aliijua, na ataijua mpaka afe.

Kisha alikuwa ameshavuka kamba. Mkono uliotangulia ulikuwa wa kulia, ule mfu, kwa hiyo hakuhisi alichoshika. Aliona tu kwamba ni nywele, misuko ile iliyosukwa asubuhi. Alivuta kwa uzito wake wote. Msichana alianguka chali juu yake akipiga kelele, na wakiwa bado wanabiringika kwenye nyasi, maji yalipiga kiwiko. Chuma kilipasuka. Mahali palipokuwa na shavu la Ikupa palipita mkuki mweupe wa maji ya moto, ukafyeka mianzi upande wa pili, ikaanguka ikiwa imeshaiva.

Wageni walikimbia na juisi zao. Mtu wa zamu aliifunga koki ya chini. Ikupa alikuwa ameketi kwenye nyasi, kisigino kimebabuka, mikono yote miwili kichwani.

"Umenivuta nywele," alisema, meno yakigongana. "Umeninyonyoa kama kuku, wewe mama!"

Na Subilaga, Mungu amsamehe, alipoona utosi ule ulioachwa wazi, alifurahi kidogo.

*

Kesho yake alimkuta Ikupa kwenye kiti cha Mavuno, kisigino kimefungwa, kofia ya nyuzi tayari kichwani. Ambilikile alikuwa anahangaika na swichi. Mwaisumo alikuwa amesimama dirishani, hajalala, hajanyoa.

"Mambo yamekwisha vizuri," meneja alisema kabla hajaulizwa. "Ikupa amejitolea. Ana hofu yake mwenyewe sasa, mpya kabisa. Kichujio kinazimwa, tunaichota, kila msikilizaji wa visima anamiminiwa. Hakuna atakayesimama tena kwenye kiwiko. Wewe huhusiki, mama. Baki na yako."

"Nimeomba mwenyewe," Ikupa alisema kutoka kwenye kiti. "Ambilikile ameniambia. Kuhusu mume wako." Akainamisha macho. "Wachote yangu. Huyo wako abaki wako. Ni haki yako."

Ilikuwa zawadi. Subilaga aliijua zawadi akiiona. Alitakiwa aseme asante, mwanangu, akajifunge chumbani na Gwakisa wake, mzima, hajaguswa, mpaka mauti. Alifungua mdomo aseme hivyo hivyo.

"Na wakishamiminiwa," aliuliza badala yake, "watamwona nani?"

Ikupa akasitasita. "Ukweli? Sikusikia kitu, mama. Nilikuwa nimefumba macho. Nilisikia mkono tu, umenikamata nywele kwa nyuma." Cheko dogo la aibu likamtoka. "Nafikiri watakuona wewe."

"Watakimbia kisima?"

Ambilikile alijibu, kidole kikiwa bado kwenye swichi. "Watakimbia kitu kinachokuja kwa nyuma. Kile kimya hawatakijua, kwa vile yeye hakukijua."

"Inatosha," Mwaisumo alisema. "Hofu ni hofu."

"Na tarehe?" Subilaga alimgeukia. "Hazina inaandika tarehe ya somo, siyo? Itaandika kwamba kisima cha juu kilimfundisha mtu kwa mara ya kwanza jana. Kabla ya jana hapakuwa na mtu. Palikuwa na uzembe wa marehemu."

Meneja alifumba macho kidogo, na Subilaga akaona kwamba hakuwa amesahau kitu. Kumbe hata yeye kumbukumbu ile ilimkosesha usingizi.

Alimtazama msichana kwenye kiti. Kiti hicho. Walimpa mkono wake, wakampa cheo chake, wakampa mluzi. Na leo, kwa moyo mwema kabisa, alikuwa amekaa tayari kuwa wa kwanza hata kwa hili. Wivu ulimpanda kutoka kwenye nyayo, mkali, wa moto, ukamfikia kooni, na kwa mara ya kwanza tangu Mavuno haukumziba. Ulimpa sauti.

"Toka hapo."

"Mama?"

"Toka kwenye kiti. Siyo chako. Wa kwanza alikuwa Gwakisa, na mimi ndiye niliyekuwa naye."

Ikupa akatoka, akichechemea. Subilaga akaketi. Kiti kilikuwa bado na joto la mwenzake, akajisogeza mpaka akapata sehemu ya baridi. Ambilikile alimwekea kofia taratibu kama anayemvisha mama yake mwenyewe, akazima kichujio, taa ya kijani ikawa nyekundu.

"Njoo hapa," Subilaga alimwambia msichana. Ikupa akainama. Utosi wake ulinukia dawa. "Wewe ndiye wa kwanza kumiminiwa. Utamwona. Asubuhi yote ile, tangu anaamka."

"Ndiyo, mama."

"Ukishamwona, usije kwangu kuniambia alikuwa mzuri."

"Sitasema."

"Hata kwa macho usiseme. Nitajua."

"Sitasema, mama."

Subilaga akamtazama kwa muda, akitafuta uongo, asiuone. Akashika pindo la kofia kwa mkono wake mfu, akaivuta mpaka kwenye nyusi.

"Alikuwa mzuri sana," alisema, akafumba macho.